Mkuki Niliougeuza Mbele ya Watu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo nimeisimulia mara chache, kwa kuwa ndani yake mimi si mtu mzuri.

Ilikuwa enzi za Zaïre, hapa Bukavu. Nilikuwa msichana pekee katika kundi la vijana waliojifunza upanga wa Kijapani kwenye ukumbi mmoja wa Kadutu. Mwalimu wetu, Papa Mugaruka, alikuwa seremala aliyejifunza mchezo huo alipokuwa masomoni Ulaya. Alituchongea panga za mbao, na mikuki ya mkaratusi tuliyoifunga matambara nchani. Wakati ule mwanamke hakuruhusiwa kuvaa suruali, kwa hiyo nilitoka nyumbani na kitenge juu ya suruali, nikakivua nikishafika ndani.

Tulifanya mazoezi wawili wawili. Mmoja anashambulia kwa upanga au kwa mkuki. Mwenzake, mwenye upanga, anangoja. Anangoja hasa, mpaka ncha imemkaribia, ndipo anateleza pembeni, anaukandamiza mkuki chini na kuingia hadi karibu yake na upanga. Kila pigo limepangwa. Anayeshambulia hushindwa kila mara. Ndiyo kazi yake, ili mwenzake ajifunze.

Mimi nilipewa mkuki. Mwaka mzima nilishindwa na Zihalirwa, kijana mpole wa Bagira, na upole wake ulinikera. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, usinicheke.

Jumapili hiyo tulionyesha mchezo mbele ya watu. Mama yangu alikaa benchi la mbele na majirani. Tulianza upanga kwa upanga, nikashindwa, watu wakapiga makofi. Tukaingia kwenye mkuki, nikashindwa tena, na nyuma mtu akacheka: "Ule mwanamuke iko naanguka tu."

Damu ilinipanda. Shambulio la mwisho lilikuwa la tumboni. Nilianza hivyo hivyo, Zihalirwa akashusha upanga wake kuupokea mkuki, nami nikainua ncha nikamchoma kooni.

Hakupiga kelele. Alidondosha upanga, akashika shingo, mdomo wazi, na hewa haikuingia. Papa Mugaruka alipiga magoti, akamkalisha, akawa anamwambia, "Polepole. Kwa pua. Polepole." Midomo ya kijana ilianza kubadilika rangi. Mimi nilisimama na mkuki, sikuweza hata kuuweka chini. Kisha pumzi ikaingia, ikikwaruza kama msumeno.

Daktari alisema koo limevimba, halikuvunjika. Nilikwenda Bagira kuomba radhi. Mama yake alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha ndani.

Nilidhani Papa Mugaruka atanifukuza. Aliniita karakanani kwake, akaniuliza bila kuinua sauti, "Ulikuwa nataka kumushinda nani?"

Hakungoja jibu, akaendelea:

"Ule mutoto alishusha upanga sababu alikuaminia. Haukumushinda. Ulimuibia."

Baada ya mwezi Zihalirwa alirudi, sauti imekwaruzika. Papa Mugaruka akampa yeye mkuki, mimi upanga. "Fanyeni ile ya mwisho," akasema.

Mwanangu, sijawahi kuogopa vile. Niliitazama ncha ile nikajua kwamba nikiinua upanga kulinda koo, tumbo litabaki wazi. Na nikishusha, koo langu liko mikononi mwake. Zihalirwa akaja, haraka, kwa nguvu zake zote. Nikashusha upanga. Ncha ikaja tumboni, palepale tulipokubaliana. Niliteleza, nikaukandamiza mkuki, nikaingia, naye akashindwa kama inavyotakiwa. Nikaanza kulia mbele ya wote.

"Tuanze tena," Zihalirwa akasema. "Ulichelewa kidogo."

Basi nisikilize. Kuna siku utapewa nafasi ya chini ili mwingine asonge mbele, na itakuuma. Kama umeichoka, sema kwa mdomo wako kabla ya kuanza. Usije ukaivunja ahadi katikati, wakati mwenzako ameacha kujilinda kwa sababu yako. Na ukishamuumiza mtu, usimkimbie. Rudi usimame mbele yake, hata kama miguu inakataa.

Mungu akupe moyo wa kujizuia hasira ikikupanda, akupe na wenzako wa kweli, na uzee ukukute una amani. Nenda salama, mwanangu.