Sauti ya Kumwitia Punda

Watengenezaji wa gemu wana maudhi. Sehemu ya kwanza waliikatisha shujaa amesimama mlangoni mwa pango, punda wake nyuma yake, halafu kiza, basi. Kaka yangu alikasirika kama mtu aliyepokonywa sahani ya pilau. "Watatoa ya pili," akasema, "na tutaicheza weye na mie, hapa hapa Wete." Tukasubiri. Kila mwaka wakaahidi, kila mwaka wakasogeza mbele. Msimu mmoja wa karafuu tawi likamkatikia kaka juu ya mkarafuu, akaanguka, na hospitali hakufika. Gemu lilikuwa bado halijatoka.

Lilipotoka nililipakua kwa hamu na kwa hasira. Alasiri moja, mama yuko jikoni, nikakaa kwenye mkeka peke yangu, pedi ya kuchezea mkononi. Mashine ikaniuliza kama nataka kuhamisha tulivyoviacha kwenye sehemu ya kwanza. Nani atakataa? Nikakubali. Shujaa akatokea upande wa pili wa pango, punda simuoni, nikabonyeza kitufe cha kumwita.

"Naam mama, naja!"

Ilikuwa sauti ya kaka.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Gemu lile humtaka mchezaji arekodi mwenyewe neno la kumwitia punda. Kaka alikuwa ndiyo kwanza afungue mdomo, mama akamwita kutoka uani. Na kwetu mzazi akikuita huulizi "nini?", wala hungoji umalize ulilonalo, unaitika papo hapo, hata ukiwa na tonge mdomoni. Akaitika, na mashine ikachukua hilo hilo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kaka akakataa kulibadilisha, na shujaa wetu akazunguka nchi nzima akimwita punda mama.

Sasa, kutoka jikoni, mama akajibu: "Haya fanya hima, muhogo unapoa!"

Kisha nikasikia mwiko umeanguka sakafuni.

Alikuja akasimama mlangoni, mkono umeshika ukuta. Nilidhani atasema astaghfirullah, zima hilo. Hakusema. Alisema, "Hebu tena."

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Kila alasiri mama hukaa nyuma yangu, huita jina la kaka kwa sauti ile ile ya uani, na mie hubonyeza. Naam mama, naja. Mama hutabasamu. Baadaye akaacha kwenda kwa majirani, asije akakosa. Baadaye tena akaanza kupakua chakula cha watu watatu. Wallahi niliiogopa nyumba yetu. Nikifua uani nasikia "naja", nikitia udhu nasikia "naja", na mashine imezimwa. Kaka nilishamzika; nikaona sasa mama naye ananitoka, na kidole kinachobonyeza ni changu. Lakini kuacha nako siwezi. Na mie nilikuwa nikiingoja sauti ile.

Siku moja mama akaita, nikabonyeza, kaka akaitika. Mama akautazama mlango, akautazama weee, hakutabasamu.

"Muongo," akasema. "Kila siku yuaja, na haji."

Akanigeukia mie.

"Ifute mwanangu. Tia yako."

"Mama, ikifutwa hairudi tena."

"Najua."

"Mie siwezi. Usinitume hilo, mama, tafadhali."

"Basi nioneshe nibonyeze wapi."

Pedi aliishika juu chini, nikamgeuzia. Mashine ikauliza kama tuna hakika. Akaniuliza inasema nini, nikamwambia ukweli. Akasema bismillah, akabonyeza kwa kidole gumba, akaendelea kukigandamiza kitufe hata baada ya kwisha, mpaka nikamwondoa mkono.

"Haya, sema weye."

Nikasema, "Njoo." Neno lilitoka jembamba, limelowa machozi. Mashine ikalipokea hivyo hivyo.

Mama akanambia nijaribu. Nikabonyeza. Punda akatoka nyuma ya majabali mbio mbio, masikio yamesimama, akaja kusimama palepale alipokuwa akisimama kila siku. Hakusita. Hakugeuka kumtafuta mwingine. Nilimchukia punda yule kwa roho yangu yote, nikalia, na mama akanivuta kichwa akakilaza mapajani mwake.