Mkono Usioinuka

Miaka mitatu ya chuo ilikuwa inaisha, na Shiori alibakiza muhuri mmoja tu: wa dada Kuwabara, mkuu wa wasafisha meno kwenye kliniki aliyokuwa anafanyia mazoezi pale mjini Matsue. Bila muhuri ule kwenye fomu, mtihani wa taifa angeusikia redioni.

Mwezi uliopita alinyimwa. Alimkwangua mama mmoja ugaga kinywa kizima, mama kimya, akashukuru, akainama, akaenda zake. Hakurudi tena. Huko nje akamwambia jirani yake kwamba aliumia mpaka machozi, na maneno yakafika kliniki.

"Lakini nilimwambia, ukiumia inua mkono wa kushoto!" Shiori alijitetea.

"Na wewe tangu uzaliwe umemwona nani akiinua?" dada Kuwabara akamuuliza.

Leo kapewa mgonjwa wa mwisho, maana Ijumaa fomu inarudi chuoni. Kitini kalala mzee Tokuda, fundi wa mikeka, fizi zimemvimba kama maandazi.

"Babu, ukiumia inua mkono wa kushoto, sawa?"

"We kwangua tu, binti. Mimi sindano za mikeka zimenichoma miaka hamsini."

Shiori akaanza. Mkono wa mzee ukatulia tumboni kama umeshonewa pale. Uso shwari. Lakini kule chini, ndani ya ndala za kliniki, vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja ngumi.

Akatoa chuma mdomoni. "Babu, inauma."

"Wapi!"

"Mbona miguu inataka kupigana?"

Mzee akaichungulia miguu yake kama ya mtu mwingine, akaangua kicheko. "Umenikamata. Huku kushoto moto unawaka. Ila niliona aibu kukukatizia kazi."

Shiori akatazama saa. Upande wa kushoto karibu wote bado, na fomu inataka kinywa kizima. Akampaka dawa ya ganzi, akakwangua meno manne taratibu, halafu akaweka chuma chini.

"Yaliyobaki Alhamisi, babu. Fizi zipumzike."

Dada Kuwabara akaja, akapitisha kioo kinywani mwa mzee. "Hujamaliza."

"Sijamaliza, dada."

"Basi na muhuri ni Alhamisi. Akija."

Mzee Tokuda alikuwa ameshavaa koti. "Nani asije? Niandikie saa tatu asubuhi. Na asinishike mwingine!"