Kalamu ya Mkahawa

Kila alipoanika nguo, Domitila alimchungulia jirani yake, fundi kalamu wa mtaa wao mjini Naranjo. Hakuwahi kumwona akiokota kifaa na kukitumia papo hapo. Alikipima kiganjani, akakigeuza na kukirudisha, kama mtu achaguaye parachichi. Tena alivisemesha: "Wewe leo una haraka. Kaa hapo."

Asubuhi hiyo Domitila alikwenda karakanani kwake, maana kalamu ilikuwa yake mwenyewe, imekerezwa kutoka fimbo ya mti wa mkahawa ya marehemu babake. Ilibaki kuunganishwa na ncha tu.

"Fundi, unachagua kifaa au mchumba?"

"Mchumba ningeshampata, jirani. Mti huu una ufa."

Domitila akainama kuutazama ufa. Fimbo nyingine hakuna. Fundi aliliacha jiliwa lake la kubania, akaiacha na nyundo ya mpira. Mwisho alifuta viganja kwenye suruali, akafumba macho, akasukuma taratibu kwa mikono mitupu, hadi ncha ikaingia, tik! Ufa haukufunguka.

"Haya, ijaribu."

Domitila akaandika jina la babake. Herufi zikapinda. "Fundi, inatetemeka!"

Fundi aliichukua, akaiweka sikioni kuisikiliza, akamrudishia.

"Kalamu imetulia, jirani," akasema akiutazama mkono wa Domitila, akamvutia kiti.