Nilimwita Bi Rukia Mwongo, Kumbe Kosa Lilikuwa Langu

Nimekosa. Naanza hapo msije mkadhani nimekuja kujitetea. Nilimdhalilisha mtu mzima mbele za watu, nikaja kujua kosa ni langu mimi, na bado nikanyamaza!

Jina langu niachieni. Naishi Likoni, na kazi yangu ni ukarani kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Huyo mama nitamwita Bi Rukia, ingawa silo jina lake.

Tulikuwa wanawake saba tunaosoma Kurani kwa simu. Ustadha wetu yuko Misri, twakutana naye kwa video kila Jumamosi alasiri. Ada yake ndogo, shilingi mia tano kwa mwezi. Shida ilikuwa kumfikishia. Benki ilikata makato yanayokaribia ada yenyewe!

Mimi ndiye niliyeleta balaa. Mwenzangu kazini alinionyesha kulipa kwa kripto, hizi pesa za mtandaoni zisizopitia benki. Nilipojaribu mara ya kwanza, zilifika Misri kabla sijamaliza chai. Kichwa kikavimba! Nikawatangazia wenzangu kwamba kuanzia mwezi huo sote tutalipa hivyo.

Mama Salma, jirani yangu, alisema neno la maana. "Si tukupe wewe pesa, uzitume mara moja kwa sote?"

Nikakataa. Nilisema sitaki kushika amana za watu. Uongo mtupu! Nilitaka kila mmoja aje kwangu nimfundishe, nionekane mjuzi.

Jamani, kwa mia tano tu! Mara piga picha ya kitambulisho, mara nywila imekataliwa, mara makato ya leo si ya jana. Nilizunguka nyumba za watu wiki nzima nikibonyeza simu zao. Kila nikichoka, nilikuwa mkali.

Bi Rukia nilimwendea mwisho, nyumbani kwake Mtongwe. Ni mjane, mshonaji wa kofia. Surat Yasin aijua kwa kusikia tangu utotoni, lakini hamu yake ilikuwa aisome kwa macho yake mwenyewe, amsomee marehemu mumewe kila Alhamisi.

Sasa, pesa hizi hupita njia tofauti, na kila njia ina makato yake. Nikamchagulia iliyokuwa rahisi kuliko zote kwa makato. Sikuuliza kama pochi ya Ustadha, yaani akaunti yake ya kripto, inapokea kwa njia hiyo. Wenzake niliwawekea nyingine, lakini siku hiyo nilikuwa na haraka, nikajiona nimegundua jambo! Nikahifadhi kila kitu kwenye simu yake.

"Ukishaweka pesa, Bi, bonyeza hapa. Basi."

"Hapa tu?"

"Hapo tu."

Jumamosi iliyofuata Ustadha akasema amepokea ada sita. Ya Bi Rukia haikuwepo. Nikasema pengine imechelewa. Wiki ya pili, kimya. Ya tatu, Ustadha akauliza tena, kwa upole wake, nami nikaona aibu kama nimevuliwa nguo. Darasa langu, mpango wangu!

Nikaandika kwenye kundi letu la wasapu, mbele ya wote: "Kuna mtu mzima ataka elimu ya bure. Bi Rukia, lipa kama wenzako."

Akajibu kwa ujumbe wa sauti, pole pole. "Mwanangu, mbona n'metuma? Wallahi n'metuma."

Nami nikaandika: "Wallahi si risiti."

Nilimwandikia hivyo mama aliyenizidi umri kwa miaka thelathini! Baada ya muda tukaona ametoka kundini.

Mwezi uliofuata, nikataka na mimi kupunguza makato. Nikatuma ada yangu kwa ile njia rahisi. Haikufika. Nikampelekea simu yule mwenzangu wa kazini.

"Pochi yake haipokei njia hii," akaniambia. "Hizo pesa zimekwenda, hazirudi."

"Nimpigie nani anirudishie?"

"Hakuna wa kupigiwa."

Hakuna ofisi, hakuna nambari, hakuna hata mtu wa kumgombeza! Ndipo nikakumbuka simu ya Bi Rukia, na nani aliyeiwekea njia ile.

Hapo ningesema kweli, yangekwisha. Sikusema. Nilimlipa Ustadha ada ya Bi Rukia kutoka mfukoni mwangu, kisha nikaandika kundini: "Ada ya Bi Rukia imefika. Alhamdulillahi." Nilidhani nimesafisha. Kumbe nimemmaliza!

Siku chache baadaye tulikuwa harusini. Tumekaa mkekani, Mama Salma akaniinamia. "Kumbe alikuwa nazo! Mpaka aaibishwe ndipo alipe?"

Bi Rukia alikuwa mkeka wa pili. Alisikia. Aliacha sahani yake ya pilau, akajitanda buibui, akaondoka. Mimi nikaendelea kula. Nasema kweli, niliendelea kula!

Usingizi ulinikataa. Kulipokucha nikaenda Mtongwe.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Karibu, ndoo ukae."

Nikamwambia yote, tangu ile njia rahisi hadi harusini. Sindano yake ikasimama kwenye kofia.

"Kwa hivyo n'lituma?"

"Ulituma, Bi."

Akaiweka kofia chini, akasema: "Mimi n'liona labda akili zaanza kuniacha. N'kampa binti yangu simu, n'kamwambia mie sifai tena kushika vitu hivi."

Nikalia. Nikamwomba radhi.

"N'shakusamehe, mwanangu."

"Basi rudi darasani, Bi. Nakuomba."

"Hapana. Simu ikilia sasa, moyo wanienda mbio. Wacha tu."

Siku hiyo hiyo niliwaandikia wenzangu ukweli wote. Mama Salma alinipigia akilia, kisha akanikemea, na nilistahili. Sasa yeye ndiye akusanyaye ada na kuituma kwa wakala wa fedha, mara moja kwa sote. Makato yapo, tunagawana. Mimi sina cheo chochote, na sijaomba.

Wenzangu, kama jambo hulijui vizuri, usiwabebeshe wazee wako eti kwa sababu ni rahisi kidogo. Na mtu akikwambia ametuma, nenda kwake, keti naye, mtazame ile simu pamoja kabla hujaandika neno mbele ya watu. Ukikosea, sema siku ile ile! Bi Rukia alikuwa ameshafika nusu ya Yasin, anaisoma kwa macho yake, herufi kwa herufi. Ni mimi niliyemkatiza.