Siku Tuliyozuiwa Kwenye Mawe ya Kale

Harufu ya viazi vilivyotoka kuchimbuliwa, vikiwa bado na udongo wao mweusi na ubaridi wa ardhi, ndiyo hunirudisha kwenye likizo ile ya Agosti. Nilikuwa darasa la tano, nikiishi na nyanya yangu kule Kibirichia, ambako ukungu wa asubuhi hukaa mashambani mpaka watu wanywe chai mara ya pili. Wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi mjini Embu, nami niliwaona wakati wa Krismasi tu. Mavuno yalikuwa mazuri mwaka ule. Magunia yalipangwa hadi mlangoni mwa stoo, na kila dalali alipokuja na lori lake nyanya alisimama kando amekunja mikono, akivitazama vidole vya mtu yule badala ya uso wake. Aliniambia kwamba uso ni rahisi kuufundisha kucheka, lakini vidole havifundishiki. Sijui hilo alilijifunzia wapi. Najua tu kwamba kabla sijazaliwa babu alipoteza kipande cha shamba kwa jirani aliyekuja kuomba njia ya kupitisha ng'ombe wake, na kwamba habari hiyo haikuzungumzwa kwetu wakati wa kula.

Ilikuwa katika majuma hayo ya mavuno Bwana Mutuma alipotangaza kanisani safari ya kwenda kuona mawe ya kale. Alikuwa mgeni miongoni mwetu, mtu wa mjini aliyeanza kusali nasi baada ya Pasaka, mwenye sauti ya upole na viatu visivyopata tope hata mvua inyeshe. Alisema kwamba huko chini Mbeere, mbele ya Kiritiri, kuna kilima ambacho juu yake yamesimamishwa mawe kwa duara na watu ambao hakuna tena anayewakumbuka. Wazungu huvuka bahari kuja kuona vitu kama hivyo, alisema, nasi hata mto Thuci hatujauvuka. Basi la shule lingekodishwa, na gharama yake angeibeba yeye mwenyewe. Watu walipiga makofi. Nyanya alikuwa akitafuta miwani yake mfukoni, na aliitafuta mpaka makofi yakaisha.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyemleta Mutuma kanisani, "Mtu hajui hata jina la mwanao, anakununulia safari ya nini?" Kisha akasema wahenga walinena mkono mtupu haulambwi, lakini yeye hajawahi kusikia mkono uliojaa ukija kumlamba mtu. Nilivunjika moyo, kwa kuwa nilitamani sana kwenda. Nikamwuliza kama tungebaki nyumbani. "Tutaenda," akanijibu. "Na tutakaa kiti cha nyuma yake."

Tuliondoka alfajiri, tumejifunga masweta na shuka. Kufika Chuka masweta yalikuwa yamevuliwa. Kupita Embu mjini na kuanza kuteremka, hata madirisha hayakutosha. Sijawahi kusahau jinsi nchi ilivyobadilika. Chai na kahawa zilibaki nyuma, migomba ikapungua, udongo ukawa mwekundu kisha ukapauka, na hewa iliyoingia ilinuka moshi wa mkaa, mbuzi na majani yaliyochomwa na jua. Kando ya barabara magunia ya mkaa yalisimama kama watu wanaosubiri kuitwa. Akina mama waliimba njia nzima. Nyanya hakuimba. Alikuwa akiwatazama vijana wawili waliokaa karibu na Mutuma, ambao hakuna aliyewahi kuwaona kanisani, na mfuko mrefu wa turubai waliouweka chini ya miguu yao. Mama Kathure, mwenyekiti wa akina mama, alipowauliza kuna nini mle, mmoja alijibu, "Ni vitu vya kamera, mathe." Nyanya akanifinya goti.

Chini ya kilima tulipokewa na msichana aitwaye Igoki, ambaye nyumba yao ndiyo ya mwisho kabla ya kilima kuanza. Alikuwa na kanga kiunoni na rungu dogo la kufukuzia mbuzi, na alitusalimu mmoja mmoja kwa mkono, watu wote wa basi, akimwangalia kila mtu machoni. Kimbeere chake na Kimeru chetu vilielewana nusu nusu. Pale viliposhindwa, Kiswahili kilisaidia. Alituambia masharti kabla ya kupanda: jiwe lisisogezwe, lisipandwe, na mtu asiondoke na kitu hata kokoto. Juu, upepo ulikuwa ukivuma kwenye nyasi kavu, na mawe yalikuwa yamesimama humo, meusi, mengine yakinifikia kifuani, mengine yameegemeana. Nilikuwa nimetarajia kitu kikubwa zaidi. Lakini nilipoweka kiganja juu ya moja nikalikuta na joto kama ubavu wa mnyama, nikautoa mkono upesi. Igoki alisema wazee wao walikutana hapo kuamua mambo ya visima na malisho, na kwamba waliyakuta mawe yamesimama tayari. "Nani aliyasimamisha?" akauliza Mama Kathure. "Hatujui, na hatudanganyi wageni," Igoki akajibu. Nilimwona nyanya akimtazama vidole, kisha kwa mara ya kwanza tangu Kibirichia akalegeza mabega.

Kundi lilipozunguka upande wa pili kupiga picha, nyanya alisema goti lake limechoka, tukakaa kwenye mwamba wenye kivuli chembamba. Kutoka pale tuliiona miteremko yote. Mimi ndiye niliyewaona kwanza wale vijana wawili, chini kidogo, kwenye vichaka vya migunga, nikadhani wanafukuza sungura. Kisha ikaja sauti, chuma juu ya chuma, pole pole, kama ya mtu asiyetaka kusikika. Mmoja alikuwa ameshika nondo wima na mwingine akiipigilia ardhini. Walipomaliza wakapaka kichwa chake rangi nyeupe, wakahesabu hatua kama wapima ardhi, wakaanza nyingine. Mutuma alikuwa amesimama kati yao na wenzetu, amewapa vijana mgongo, anatabasamu kwa upande wa kundi lililokuwa likipiga picha.

Nilimwona nyanya akikunja na kukunjua ncha ya leso yake. Nadhani alikuwa akimfikiria babu, au labda alifikiria tu safari ya kurudi, saa nyingi ndani ya basi moja na watu hawa. Mwishowe aliinuka, goti lake likiwa limepona, akamfuata Igoki, akamwambia jambo sikioni. Igoki hakuuliza mara mbili. Alishuka kilima akikimbia, rungu mkononi.

Tuliporudi kwenye basi, njia ilikuwa imezibwa kwa matawi ya miiba. Majirani wa Igoki walikuwa wamesimama nyuma yake, wanaume kwa wanawake, wengine wakiwa na panga za kukatia kuni. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Igoki alikuja mpaka mlangoni mwa basi, akaelekeza rungu kwenye vichaka na kusema, "Mlikuja kuona mawe, tukawaonyesha. Hii chuma nayo ilikuja kuona nini?"

Bwana Mutuma alishuka na tabasamu lake. Alieleza kwamba ni mambo ya kuhifadhi tu, kwamba mahali pazuri kama pale panafaa kujengewa ua pasije pakaharibiwa, na kwamba wao wenyewe wangekuja kumshukuru.

"Nani amewatuma?" akauliza mzee mmoja.

"Hakuna aliyetutuma, baba. Ni sisi wenyewe, wapenda historia."

"Sisi nani?"

Mutuma aligeuka, akanyoosha mkono wake kuelekea madirisha yetu. "Sisi sote hapa. Watu wa kanisa."

Ndani ya basi watu waliangalia mapaja yao. Mama Kathure aliinama akamnong'oneza nyanya, "Mama Mugambi, nakuomba, nyamaza twende nyumbani. Hapa si shambani kwetu." Nikausikia mkono wa nyanya ukiuacha wangu. Alisimama, akashika vyuma vya viti kimoja kimoja mpaka mlangoni, akasema kwa Kimeru cha pole pole ili waelewe: "Mimi ni wa kanisa hilo. Nimekuja kuona mawe. Habari ya chuma sikuulizwa." Kisha dereva naye, bila kugeuza kichwa, akasema hata yeye hakuambiwa. Hakuna mwingine aliyeongea.

Wenyeji walimwambia Mutuma azing'oe nondo kwa mikono yake, vijana wake wasiziguse. Tulimtazama kupitia madirisha akitikisa nondo huku na huku, amepiga magoti kwenye vumbi, koti lake likinaswa na miiba. Alizing'oa zote. Tabasamu halikumtoka hata mara moja. Matawi yalipoondolewa, nyanya alimpa Igoki mkono wa kwaheri. Igoki aliupokea, lakini hakucheka naye. "Nenda salama, cucu," akamwambia, akimwita nyanya kwa lugha yake. "Lakini wewe pia tumekuona uso."

Nilikuwa nikitegemea kwamba huko nyumbani nyanya angesifiwa. Haikuwa hivyo. Mutuma hakuja tena kanisani, na mabati aliyoahidi kuezekea jengo la kanisa hayakuja pia, na watu wakahesabu hasara hiyo kuwa ya nyanya. Walisema alimwaibisha mtu wa Mungu mbele ya wageni. Majirani tuliozoea kupaliliana viazi kwa zamu walianza kuwa na udhuru, na msimu wa mvua uliofuata tulipalilia peke yetu, yeye na mimi, mstari kwa mstari. Asubuhi moja alisimamisha jembe, akakaa akilitazama shamba. "Kinya," akaniuliza, "na kama kweli alitaka tu kujenga ua?" Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa sijawahi kumwona akitilia shaka shaka yake mwenyewe. Akatema mate viganjani, akaendelea kupalilia.

Nyanya amekwisha kufariki, nami sasa ninaishi Embu, ambako nafanya kazi ya ofisi. Mwezi uliopita tulikwenda kwenye kilima kile na wenzangu wa kazini, na nikamchukua binti yangu. Igoki aliolewa Siakago, wenyeji wakaniambia. Wanaoongoza wageni sasa ni vijana wa kijiji, kwa zamu. Mawe yamesimama vile vile. Lakini ukiwa pale juu, kilima cha jirani unakiona kimeliwa nusu, na malori yakipanda na kushuka na mawe ya kujengea. Nilimwuliza kijana aliyetuongoza ilikuwaje. Alisema huko walipigiwa vigingi na watu wapole sana, waliosema ni ua wa kuhifadhi, na wenyeji wakawapikia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa, lakini wale hawakupona. Kama alikuwa ni Mutuma au mwingine, kijana hakujua. Nilisimama nikisikiliza mashine za kule ng'ambo, nikatamani nyanya angesikia, kisha nikafurahi kwamba hasikii.

Wakati wa kutoka tulipangwa mstari. Vijana walifungua mifuko yetu, wakatuuliza tena tumetoka wapi na nani aliyetutuma, wakainama hata chini ya viti vya gari. Mwenzangu mmoja alinung'unika kwamba hivyo sivyo watalii wanavyotendewa mahali pengine. Binti yangu alinivuta mkono, macho yake kwa kijana aliyekuwa akitukaribia.

"Mama, mbona wanatuangalia vibaya?"

"Hawatuangalii vibaya," nikamwambia. "Wanatuangalia vizuri. Fungua begi lako."