Kioo Kimemchoma Mwali

Ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilipokuja, sisi tuliozoea kufulia majani ya mpapai tukaona maduka ya Ngamiani yamejaa sabuni za kila rangi. Baba akanunua televisheni, ikawa inanasa picha za Unguja antena ikikubali. Mwaka huohuo nikachumbiwa, nikawekwa ndani.

Aliyepewa kazi ya kunisinga ni shangazi. Kwetu mwali haoni jua mpaka siku ya ndoa. Anapakwa liwa, anafukizwa udi, ngozi inanawiri. Shangazi akasema liwa ni mambo ya kizamani. Alikuja na kopo la krimu lisilo na karatasi ya jina, akanipaka asubuhi na jioni.

"Nataka uwe kama hao," akawanyooshea kidole wanawake wa filamu ya Kihindi kwenye televisheni. Binti yake, aliyeletwa kuniondolea upweke, alikaa nami mkeka mmoja akitazama picha zilezile.

Uso ukaanza kuwasha, ukavimba, ukachubuka, kisha mashavu yakaota mabaka meusi. Nikasema, "Shangazi, krimu inaniunguza."

Loo! Alinijia juu. "Krimu gani? Kioo hicho kinakuchoma! Mwali anakingwa na jua, wewe umejiwekea jua sebuleni!"

Mtaa mzima ukaafiki. Televisheni ikafunikwa kanga, nikageuzwa uso ukutani, na krimu ikaongezwa, ati ndiyo dawa. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilinishika kidevu kila siku. Nilimchukia shangazi, wallahi, na bado namchukia.

Siku moja akaja mama wa mchumba wangu. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Akanigeuza uso huku na huku kama anachagua embe sokoni.

"Hiki ndicho tulichochumbia?" akamwuliza mama.

Mama akabaki analia. Shangazi ndiye aliyekuwa na jibu tayari: ya nini kuvunja ndoa na kuvunjiana heshima? Binti yake yupo, ngozi laini, damu ni ileile. Wakakubaliana hapohapo, wakala halua iliyopikwa kwa ajili yangu.

Hakuna aliyeuliza mbona huyo alitazama kioo kilekile na hana hata chunusi.

Akawekwa ndani, chumba changu, mkeka wangu. Nikaamriwa nisaidie kumsinga. Nikaleta lile kopo, nikalifungua, nikachovya kidole. Shangazi alinipiga mkono, kopo likabiringika mpaka mlangoni.

"Mwanangu apakwe liwa tu," akasema.