Magodoro Kwenye Sinia la Pilau

Jumapili nilialikwa harusini Mpendae. Siku hizi mchele tunaupangia foleni, kwa hivyo pilau ya harusi mtu haiendei na maneno mengi. Sinia letu tulilizunguka watano. Mmoja wetu alikuwa afisa anayenunua vifaa vya skuli za bweni. Mwengine, fundi magodoro wa Darajani, alipenya baina ya magoti yetu mpaka akapata nafasi ubavuni mwa afisa.

Sisi tukasema bismillahi, tukaanza. Fundi yeye akamwambia afisa, "Bwana mkubwa, usufi wangu nnauchambua mwenyewe. Hauna kokwa hata moja!"

Afisa akaitikia kwa kichwa huku anatafuna. Fundi akalibonyeza tonge lake kuonesha godoro zuri linavyoinuka tena. Tonge lile halikufika kinywani. Kila akigusia bei, akimsogezea afisa kipande cha nyama kwa heshima, na sisi wengine tukimpunguzia wali wa upande wake.

"Na mito jee, fundi?" nikamuuliza, maana paja la kuku lilikuwa bado limebaki. Akaeleza mito.

Alipomaliza, sinia linang'aa. Afisa akanawa, akamshika bega: "Bwana, wewe ni mtu wa maana sana. Tukikutana tena harusini, ntakuita."

Wanaojua biashara husema mtaji ni watu. Basi fundi watu kawapata. Harusi iliyofuata, masinia matatu yalimwita kwa pamoja: "Fundi, njoo kwetu, tupe habari za magodoro!"

Aliyepiga kelele kuliko wote ni mimi.